Cherehani ya kukanyaga inatoa vitanzi chini ya kitambaa: je, tatizo ni bobini?

Mshonaji, Kisumu
Hamjambo mafundi. Nina cherehani kuukuu ya kukanyaga ambayo mama mkwe alishonea sare za shule kabla ya kuniachia. Tangu niitoe stoo, mshono wa juu unapendeza, lakini chini ya kitambaa uzi unajikusanya vitanzi vitanzi, tena gurudumu limekuwa zito. Jirani ananishauri nikaze skrubu ya kasha la bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na mwingine anasema ninunue shato mpya, ile ndoana inayonasa uzi wa juu chini ya kitambaa, sokoni Kibuye. Kabla sijatoa pesa, nianzie wapi?

Fundi, Nakuru
Dada, skrubu hiyo usiiguse kwanza. Vitanzi vya chini ni uzi wa juu ambao haukuvutwa vya kutosha, kwa hiyo mara nyingi chanzo kiko juu, ingawa macho ya wengi hukimbilia bobini. Mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, ukiinuliwa, visahani viwili vinavyobana uzi huachana. Ukipitisha uzi wakati mguu uko chini, uzi hubaki pembeni badala ya kuingia katikati ya visahani, na hapo hata ukikaza namna gani, hautashikika. Basi inua mguu, sugua kati ya visahani kwa kitambaa safi, maana kipande kidogo cha uzi kilichonasa humo kinatosha kuviachanisha, kisha pitisha uzi upya bila kuruka springi ndogo wala tundu la mkono unaopanda na kushuka. Ukishusha mguu na kuvuta uzi, ni lazima uhisi umebanwa.

Angalia na sindano: mfereji wake mrefu uelekee upande ambao uzi unaingilia. Namba 14 inatosha kitambaa cha pamba cha kawaida; kwa khaki weka 16.

Fundi, Kakamega
Nakubaliana na mwenzangu, ila uzito wa gurudumu ni jambo jingine. Vua mkanda wa ngozi, uzungushe gurudumu la juu kwa mkono. Likiwa jepesi, kasoro iko kwenye kanyagio au mkanda wenyewe. Likiwa zito, huenda mafuta yameganda ndani, hasa kama kuna aliyewahi kutia mafuta ya kupikia, tabia ambayo ningeipiga marufuku kama ningekuwa na uwezo. Tia matone ya mafuta ya taa kwenye viungo, mbali na jiko, zungusha mpaka uchafu ulainike, pangusa, halafu weka mafuta ya cherehani. Toa pia shato uondoe nyuzi na vumbi lililojificha nyuma yake.

Mshonaji, Kisumu
Asanteni sana. Visahani vilikuwa na nyuzi kuukuu, na vitanzi vimekwisha. Gurudumu nalo limelainika. Sasa uzi wa bobini ndio unaochungulia juu ya kitambaa.

Fundi, Nakuru
Hiyo ni dalili kwamba juu pamekazwa mno, pengine wakati wa kupambana na vile vitanzi. Legeza mkazo wa visahani kidogo kidogo huku ukijaribu kwenye kipande cha kitambaa kile kile utakachoshona, mpaka nyuzi zikutane katikati ya unene wake. Ikishindikana, ndipo upime kasha: lining'inize kwa uzi wake likiwa na bobini ndani. Likiporomoka lenyewe, limelegea; lisiposogea hata ukilitikisa, limekazwa mno. Skrubu yake huzungushwa sehemu ndogo tu kwa wakati mmoja, na ifanyie kazi juu ya sinia, kwa sababu ikichomoka huipati sakafuni.