Programu ya kusomea vitabu imejiapdeti, rafu yangu imekuwa tupu. Msaada wa haraka wakuu

Chaki ya Mafinga (mtoa mada)
Kamwene wakuu. Naombeni msaada kabla sijachanganyikiwa.

Nina programu ya kusomea vitabu kwenye simu, nimeitumia muda mrefu bila shida yoyote. Wiki iliyopita usiku ikajiapdeti yenyewe. Asubuhi naifungua, rafu tupu, imeandikwa tu "Hakuna vitabu". Vitabu vyenyewe vipo kwenye memori kadi, nikipitia kwenye mafaili naviona vyote.

Ila shida yangu kubwa si vitabu, ni alama. Nilikuwa napaka rangi ya njano kwenye sentensi na pembeni naandika maelezo yangu. Mimi ni mwalimu, nasoma shahada ya uzamili Chuo Kikuu Huria na sura ya pili ya andiko langu yote inategemea hizo alama. Msimamizi anaitaka mwisho wa mwezi.

Swali langu ni moja: toleo la zamani la programu nalirudishaje? Hilo tu.

Fundi wa Kabwe
Usilirudishe mkuu. Android haikubali toleo la chini likae juu ya toleo la juu. Lazima uiondoe programu kwanza, na ukiiondoa inaondoka na ghala lake la ndani, ambako ndiko alama zako zilikohifadhiwa. Usiguse "futa data" pia. "Futa kashe" haina madhara, lakini haitakusaidia.

Android namba ngapi hiyo?

Bibi Parachichi
Poleni kwa masomo. Mimi nauliza tu, hivyo vitabu umevinunua au ni vile vinavyozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp? Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999 na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo. Mtu ameandika kitabu kwa jasho lake, sisi tunakipitisha kama karanga. Tunaofundisha watoto tungeanza na hilo.

Mnyalukolo Mpole
Kaka, ungechapisha karatasi haya yote yasingekukuta. Karatasi haijiapdeti usiku.

Tukuyu Kwa Mvua
Wewe Mnyalukolo njoo ukae na karatasi zako huku kwetu Rungwe. Mimi nilikuwa na sanduku la vitabu vya marehemu baba, nimeliweka chini ya kitanda. Masika yakapita, nafungua, majalada yameota ukungu wa kijani, kurasa zimegandana ukizibandua zinatoka na maandishi. Kipo kimoja alichokuwa ametia sahihi yake, ile sahihi ndiyo imeliwa. Nilivianika juani vikakauka vimejikunja kama majani ya mgomba. Tangu hapo nasoma kwenye simu na sirudi nyuma.

Chaki ya Mafinga
Mimi ni dada, si kaka. Bibi, vingine nimenunua, vingine nimetumiwa na wenzangu wa kozi, nimekusikia. Fundi, ni Android 13.

Fundi wa Kabwe
Sawa dada. Hapo kwenye rafu tupu ngoja nikueleze, maana wengi wanakimbilia kulaumu simu.

Zamani programu ilikuwa inapewa ruhusa moja, inazunguka simu nzima na memori kadi ikiokota vitabu. Kuanzia Android 11 Google wakabana: programu inaona vitu vyake tu, vingine mpaka wewe mwenyewe uionyeshe folda. Na tangu Novemba 2021 mtengenezaji anayetaka kupandisha toleo jipya Play Store alilazimika kufuata utaratibu huo. Kwa hiyo unaweza ukawa umetumia toleo kuukuu miaka yote likikuonyesha kila kitu, siku linapojiapdeti linakuwa kipofu. Vitabu havijaenda popote.

Fanya hivi. Tengeneza folda mpya kwenye memori kadi, iite Vitabu, hamishia mafaili yote humo. Usitumie folda ya Download, wala usichague kadi nzima, Android itakukatalia zote mbili. Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya kuongeza folda, chagua hiyo Vitabu na ukubali. Majina ya mafaili usiyabadilishe hata herufi, maana programu nyingi zinaunganisha alama na kitabu kwa jina lake na mahali kilipo. Lete majibu.

Chaki ya Mafinga
Vimerudi! Mungu akubariki. Rafu imejaa, na majalada naona.

Ila alama hakuna. Nimefungua vile vya EPUB (faili za vitabu vya kielektroniki) kimoja baada ya kingine, vyote vyeupe. Cha ajabu PDF mbili zina rangi yake ya njano kama nilivyoiacha.

Fundi wa Kabwe
Si ajabu. PDF inaweza kuandikiwa rangi ndani ya faili lenyewe, ukilihamisha linahama nayo. EPUB haiguswi, alama zake zinakaa kwenye ghala la ndani ya programu, ndani ya simu. Sasa dada nikuulize, na unijibu vizuri: simu unayoishika sasa hivi ndiyo ile ile iliyojiapdeti?

Mnyalukolo Mpole
Swali zito hilo. Mtoa mada yuko hewani ila kanyamaza.

Chaki ya Mafinga
Sikuona kama linahusiana, ndiyo maana sikulisema. Hapana, siyo ile. Ile ilikuwa imeshaanza kuzingua chaji, rafu ilipokuwa tupu nikajua ndiyo inakufa. Nikanunua nyingine, nikachomoa memori kadi nikaiweka humu. Nilijua kila kitu kipo kwenye kadi.

Fundi wa Kabwe
Na ile ya zamani iko wapi?

Chaki ya Mafinga
Iko Uyole kwa kaka yangu. Kuna mtu wa Tunduma anainunua, Jumamosi kaka anaipakia kwenye basi. Ameshatoa advansi na hela nimeshailipia mbolea ya viazi, nyumbani wanapanda. Kwa hiyo naomba tusirudi kwenye hiyo simu. Nimetoa neno langu. Hakuna namna ya kuzipata alama kupitia akaunti ya Google? Si huwa inahifadhi?

Fundi wa Kabwe
Dada, simamisha hiyo safari ya basi leo. Alama zako zimo ndani ya simu ya Uyole, nzima kabisa, zinasubiri tu uionyeshe folda kama ulivyofanya huku.

Google inahifadhi data za programu, ndiyo, mpaka MB 25 kwa kila programu, lakini kama mtengenezaji ameruhusu. Na kwa kawaida inafanya hivyo simu ikiwa kwenye chaji, imetulia, na ina waifai. Sisi wa bando la siku waifai tunaipatia wapi? Wateja wangu wengi nikiangalia bakapu yao nakuta haijawahi kufanyika hata siku moja.

Na huyo wa Tunduma akishaipata kitu cha kwanza ni kuireseti. Simu za siku hizi data zake zimefungwa kwa ufunguo, reseti inafuta ufunguo. Baada ya hapo fundi yeyote atakayekuambia anaweza kurudisha, anakula hela yako.

Nyundo ya Usiku
Wakuu nanusa chai hapa. Uzi umeanza na simu moja, sasa zipo mbili. Mtu yuko Mafinga, simu iko Uyole, mteja yuko Tunduma, hela iko kwenye mbolea. Kesho atakuja mtu na akaunti mpya aseme ana programu ya kurudisha data, tuma elfu kumi. Nyuzi za hivi nimezisoma nyingi.

Mnyalukolo Mpole
Hata mimi nimeanza kuwaza. Mwalimu wa uzamili hajui kama simu mpya na simu ya zamani ni vitu viwili?

Bibi Parachichi
Muacheni. Watu wengi wanaamini kila kitu kiko kwenye kadi, hata mimi niliamini hivyo mpaka leo asubuhi nilipousoma uzi huu.

Chaki ya Mafinga
Nyundo, sina cha kuuza. Nafundisha Mafinga, kwetu ni Uyole, mwisho wa wiki nilikwenda nyumbani nikaiacha simu huko. Mtu anayepita barabara hiyo haoni ajabu.

Na niwaambie alama zenyewe ni nini. Mada yangu ni watoto wa darasa la tatu wanavyojifunza kusoma. Jioni nikisoma nadharia, pembeni ya sentensi naandika nilichokiona darasani siku hiyohiyo: nani anafuata mstari kwa kidole, nani ameukariri ukurasa na anausoma huku anatazama dirishani, nani anaanza kulia akifika kwenye neno refu. Kitabu naweza kukipata upya. Hivyo vingine sikuviandika mahali pengine popote.

Fundi wa Kabwe
Mimi naamini. Anayetunga asingejua kwamba PDF zinabaki na rangi na EPUB zinakuwa nyeupe. Hilo alilisema kabla sijamweleza sababu.

Tukuyu Kwa Mvua
Mwalimu, mpigie huyo wa Tunduma umweleze kama ulivyotueleza sisi. Mbolea haitarudi dukani, lakini na yeye ni mtu.

Chaki ya Mafinga
Neno ni neno, ndugu yangu. Nimekula hela yake. Kwani kaka hawezi kuzitoa hizo alama kabla ya Jumamosi, simu ikaondoka siku ileile?

Fundi wa Kabwe
Anaweza, kama anafuata maelekezo. Kadi unayo wewe, kwa hiyo mtumie zile EPUB, majina yaleyale, aweke kwenye simu ya zamani. Ajaribu kwanza kwenye folda yenye jina lile la zamani, na aifungue programu akiwa amezima data isije ikajiapdeti tena. Rangi zikitokea aende kwenye orodha ya alama za kila kitabu, abonyeze kushiriki, ajitumie kwa barua pepe kama maandishi. Nawe uzifungue huku uzione kwa macho yako kabla hajaifunga simu kwenye bahasha. Kadi ikihitajika lazima uende mwenyewe.

Nyundo ya Usiku
Basi tuseme ni kweli. Kaka wa Uyole akikwama apite hapo Mwanjelwa, asikubali mtu amwambie "tuflashi kwanza", yaani kuipiga simu programu upya, alama zitafutika.

Chaki ya Mafinga
Nimempigia wa Tunduma. Amekasirika, ila amekubali mpaka Jumatano, na amepunguza bei. Nimekubali. Kesho baada ya vipindi napanda basi na kadi yangu, nitazitoa mwenyewe.

Fundi, la mwisho. Zikija kama maandishi zitakuja na namba za kurasa? Msimamizi anazitaka kwenye rejea.

Fundi wa Kabwe
Hazitakuja. EPUB haina kurasa za kudumu, ukikuza maandishi tu zinabadilika. Utapata jina la sura na sentensi yenyewe. Mtindo wa APA unakubali utaje sura na namba ya aya pale kurasa zisipokuwepo, kwa hiyo ukiwa Uyole hesabu aya palepale, kitabu kikiwa wazi mbele yako, uandike pembeni ya kila alama kabla hujaituma.