Jamani wa Melbourne magharibi, hapa Tarneit palikuwa nini kabla hatujaja?

mama_wawili
Habari zenu wote. Naomba msaada kwa wanaokaa Tarneit, Truganina, Hoppers Crossing na Werribee. Kijana wangu wa darasa la nne amepewa kazi shuleni aandike historia ya mtaa anaokaa na aeleze ni mtaa wa namna gani. Juzi amekaa mezani jioni nzima na karatasi tupu halafu ananiambia mama, sisi mtaa wetu hauna historia, nyumba yetu imejengwa tukiangalia. Na mimi nikakosa la kumjibu kwa sababu kweli tulipokuja kulipia kiwanja barabara yetu ilikuwa vumbi tupu na bendera za wauza viwanja, mbele yake majani makavu mpaka macho yanapoishia. Mimi nimekulia Kisauni, kule ukiuliza mtaa umeanzaje hukosi mzee wa kukuhadithia mpaka usinzie. Huku mzee ni nani? Jirani yangu aliyetangulia alitangulia kwa miezi mitano.

Anayejua palikuwa nini, jina limetoka wapi, nani alikaa hapa, tafadhali aandike kawaida tu nitamsomea. Kazi inarudishwa Jumatatu.

fundi_zege
Salamu dada. Mimi kazi yangu kumwaga zege la misingi ya nyumba, mwaka wa tisa huu huku magharibi, kwa hiyo nitamwambia habari za chini, za juu watasema wengine.

Mwambie achimbe kidogo nyuma ya nyumba. Atakuta udongo mzito unaonata kama gundi, akiendelea jembe litagonga mwamba mweusi. Huo mwamba ni lava. Uwanda wote huu ni wa volkano, unaanzia hapa unakwenda magharibi zaidi ya kilomita 300, na ule mlima wa Mount Cottrell hapo jirani ni volkano iliyolala, umeinuka pole pole mpaka mtu anaupita kwa gari bila kujua kapita mlima. Mawe haya haya ndiyo yalijenga Melbourne ya zamani, kuta za majela, makanisa, na mawe ya pembeni ya barabara mjini, yale meusi.

Udongo wenyewe ukitaka kuujua fikiria Kitengela au Athi River, ule mweusi wa pamba. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unanywea na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ndiyo maana misingi ya huku tunainyanyua, tunapanga maboksi ya povu, nondo, halafu zege juu. Fundi akifanya haraka au mwenye nyumba akimwagilia bustani upande mmoja tu, miaka miwili mlango haufungi. Nimeona ukuta wa rafiki yangu umepasuka kutoka dirishani mpaka darini na kampuni iliyomjengea ikawa haipokei simu, mtu ana mkopo wa miaka 30 aisee, iliniuma sana.

Ndiyo sababu pia palikaa tupu muda mrefu. Mvua hapa ni haba kuliko upande wa mashariki wa jiji, miti haikuwepo, ni nyasi tupu toka zamani. Watu wanasema "ilikuwa uwanja tu", hapana, zile nyasi ni za asili na zimebaki kidogo mno. Serikali ya jimbo letu la Victoria iliahidi mwaka 2010 kwamba kwa kuwa mji unapanuka watanunua hekta 15,000 huko pembezoni mwa halmashauri yetu ya Wyndham na ya Melton ziwe hifadhi ya nyasi, na wamalize 2020. Ilipofika 2020 walikuwa wamenunua kama asilimia 10. Mimi nakula kwa ujenzi lakini hilo linanisumbua, na kijana aliandike.

bibi_wa_Werribee
Mwanangu mama_wawili, mzee wa mtaa umempata. Nimekuja Werribee 2007 na wajukuu zangu wote wamezaliwa hapa, na miaka ya mwanzo nilivuna koliflawa na letasi kule Werribee South kwenye mashamba ya Wataliano, wale wazee walikuwa wanapenda kuhadithia.

Aanze na wenyeji, asianze na Wazungu. Tarneit ni neno la Wathaurong, maana yake nyeupe. Na Werribee ni jina la mto, Wirribi, maana yake uti wa mgongo. Mto ulikuwa mpaka, magharibi yake Wathaurong na mashariki yake makabila mengine ya jamii hiyo hiyo ya Kulin, Wabunurong na Wawoiwurrung. Kwa hiyo huo mto anaoupita akienda kuogelea ni mpaka wa watu walioishi hapa maelfu ya miaka.

Mwaka 1835 akaja John Batman na wenzake kutoka kisiwa cha Tasmania na karatasi yao wakisema wamenunua nchi kwa mablanketi na mashoka na visu, na gavana Bourke wa Sydney akaikataa hiyo karatasi mwaka huo huo, si kwa kuwahurumia wenyeji bali alisema ardhi ni ya mfalme wa Uingereza. Kondoo wakaingia kwa maelfu. Mwaka uliofuata, Julai 1836, pale pale Mount Cottrell anaposema fundi, mfugaji Charles Franks na mchungaji wake waliuawa, na Wazungu wakatoka na bunduki wakawalipizia Wathaurong, makadirio ya waliouawa yanaanzia watu 10. Sijui kama mwalimu atataka mtoto wa darasa la nne aandike hayo. Mimi wajukuu wangu niliwaambia, taratibu, nikiwa nimewashika mkono. Huwezi kumwambia mtoto mahali hapana historia wakati damu ilimwagika umbali wa kuona kwa macho.

Baada ya hapo palikuwa pa familia ya Chirnside, Waskoti, Thomas na mdogo wake Andrew. Kondoo, ardhi isiyo na mwisho, wakajenga lile kasri la Werribee Park kati ya 1874 na 1877, vyumba 60. Mpelekeni akalione. Na kwenye ardhi ya lile shamba ndiko kuna zuu ya twiga na vifaru, mara ya kwanza nilisimama pale nikalia, nilikuwa sijaona twiga tangu niondoke nyumbani.

Miaka ya 1890 jiji likanunua sehemu kubwa ya ardhi ya Chirnside kwa ajili ya maji taka. Melbourne ilikuwa inanuka wakati ule, vinyesi vinazolewa kwa ndoo na mikokoteni, watu wanakufa na homa ya matumbo, basi wakajenga mabomba na pampu kule Spotswood na mwaka 1897 nyumba za kwanza zikaunganishwa, uchafu wote unakuja Werribee. Mpaka leo karibu nusu ya maji taka ya Melbourne yanasafishiwa huko. Ndiyo maana watu wa mashariki walikuwa wanaicheka Werribee kwa harufu, na ndiyo maana viwanja vya huku vilikuwa rahisi. Lakini mabwawa yale yamejaa ndege, wengine wanaruka kutoka Siberia kila mwaka, watu wanasafiri na darubini kuja kuwatazama.

Halafu mwambie mji wa Werribee wenyewe uliitwa Wyndham mpaka 1904. Na Hoppers Crossing ni kwa ajili ya familia ya Hopper, mama Elizabeth Hopper ndiye alikuwa anafungua na kufunga geti la reli. Mama wa geti amepewa mji mzima, mimi hilo nalipenda kuliko kasri lote.

nesi_wa_usiku
Bibi shikamoo, nimejifunza mengi. Mimi niongeze stesheni kwa sababu bila stesheni Tarneit hii hamngeiona.

Reli ya kwenda mji wa Geelong toka 1857 ilikuwa inapita Werribee, Tarneit ilikuwa haipati kitu. Ile mpya ya kupitia huku ilifunguliwa tarehe 21 Juni 2015, stesheni mbili kwa siku moja, Tarneit na Wyndham Vale, katikati ya majani kabisa. Nilipanda wiki ya kwanza, ukikaa upande wa dirisha unaona kondoo. Sasa ni paa baada ya paa. Sensa ya 2016 Tarneit watu 34,562, ya 2021 watu 56,370, na halmashauri nzima ya Wyndham ilifika 292,011. Hebu hesabu, miaka mitano.

Shida ni kwamba si treni ya umeme ya mjini, ni ya dizeli inayotoka Geelong, inafika hapa imeshajaa. Asubuhi nikitoka zamu narudi huku naiona ile inayokwenda kinyume, watu wamebanana mlangoni mpaka Sunshine na Footscray, stesheni za njiani kwenda mjini. Na kufika hapo stesheni kwenyewe ni Leakes Road, foleni yake mnaijua. Nyumba zilitangulia, barabara ikafuata kwa kuchelewa, basi ikafuata barabara. Mwaka 2002 serikali ilichora mpaka wa jiji kwamba mji usivuke hapa, halafu 2010 wakausogeza, na viwanja vikauzwa haraka kuliko walivyoweza kujenga shule. Kijana akiulizwa mtaa wake ni wa namna gani aseme ni mtaa wa watu wanaoamka saa kumi usiku.

jirani_wa_Truganina
Mimi nitasema mawili. Truganina ya zamani ilikuwa kijiji na iliteketea kwa moto wa nyika Januari 1969, kwa hiyo ukikuta huku hakuna majumba ya kale usidhani hapakuwa na watu, mengine yaliungua. Na jina ni la Truganini, mwanamke mwenyeji wa Tasmania.

La pili, majirani. Lugha inayosikika zaidi majumbani Tarneit baada ya Kiingereza ni Kipunjabi, na gurudwara, hekalu la Masingasinga, ni mahali pa kwanza nilipokula chakula cha moto huku, nilikuwa sina kazi, sina gari. Anayejua Makindu barabara ya Mombasa, ile gurudwara iliyojengwa 1926 na watu wa reli ambayo msafiri yeyote anakula bure, basi ni vile vile, unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini na kila mtu. Nilijisikia nimefika.

Kuna kipindi kigumu pia na sitaki kisahaulike. Mwisho wa 2017 vijana waliharibu nyumba ya jumuiya hapa Tarneit, na magazeti yakashika "magenge ya Waafrika" wiki baada ya wiki, mpaka waziri Peter Dutton akasema Januari 2018 kwamba watu wa Melbourne wanaogopa kutoka kwenda kula usiku. Mwanangu alikuwa na miaka 15, alikuwa akiingia dukani anatoa mikono mfukoni kwanza. Hakufundishwa na mtu. Waliokuja kutusimamia ni hao hao majirani, Wahindi, Wasomali, Waaustralia wazee, tulikaa pamoja kwenye bustani tukachoma nyama.

fundi_zege
Na asisahau Julia Gillard, waziri mkuu mwanamke wa kwanza Australia, alikuwa mbunge wa Lalor, jimbo la uchaguzi la huku huku magharibi. Watoto wanapenda hilo.

mama_wawili
Mungu awabariki, bibi shikamoo na asante sana. Nimemsomea yote jana usiku, la Mount Cottrell nalo nimemsomea, nikiwa nimekaa kitandani kwake. Akanyamaza muda mrefu halafu akauliza kama wale watu walikuwa na watoto. Nikamwambia ndiyo.

Leo asubuhi amechimba nyuma ya nyumba na kijiko cha bustani, amepata jiwe jeusi lenye matundu matundu, analala nalo. Ameandika kurasa mbili. Kuhusu jina anasema nyeupe ni haya majani yakikauka Januari, jua likiyapiga saa kumi jioni yanang'aa mpaka unafumba macho, na mwalimu akisema si hivyo yeye ataibakisha. Swali moja tu limebaki, anataka kuona ukuta wa mawe wa zamani uliopangwa bila saruji, kuna anayejua uliobaki karibu?

bibi_wa_Werribee
Wafugaji walikuwa wanaokota mawe shambani wanayapanga hivyo hivyo kuzuia kondoo, vipande vimebaki pembeni ya barabara za mashambani kuelekea Mount Cottrell. Jumamosi saa nne njooni kwangu tuende na gari langu. Avae viatu vya kufunika, kipindi hiki kuna nyoka.