Ruzuku ya mbolea inawafuata wenye mvua. Sisi wa Dodoma na Singida je?

Wakuu, nimevumilia nimechoka.

Ruzuku ya mbolea ilizinduliwa Nane Nane ya 2022 kule Mbeya, mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ukashushwa hadi 70,000 wakati mtaani ulishavuka laki. Mkulima wa Mbozi au Songea, kwenye mvua ya kutosha, ilimwokoa, na ni haki yake. Mimi nalima Bahi. Mvua ya Dodoma kwa mwaka mzima ni kama milimita 570, msimu mmoja tu, tena Februari inakata mahindi yakiwa ndiyo yanatoa mbelewele. Hiyo urea niimwage kwenye kichanga kikavu ifanye nini? Jirani yangu alikopa akainunua. Majani yalijiviringa kama sigara, akavuna mabua na deni.

Ruzuku iko ndani ya mfuko! Anayenunua mifuko mingi ndiye anayebeba pesa nyingi ya serikali, na huyo ni yule mwenye mvua. Hata vocha za pembejeo za mwaka 2008 zililenga mahindi na mpunga. Mbegu za alizeti walituletea, hilo siwanyimi. Na mtama je?

Maana huku mtama na uwele ndivyo vinavyotuvusha. Mbegu safi ya Macia, aina ya mtama, unaitafuta mpaka msimu unakupita. Ikishatoa masuke wanashuka kweleakwelea, vile vindege vinavyokula nafaka, familia nzima inahamia shambani kuwaamia tangu alfajiri, watoto na makopo yao, shule hawaendi. Mnatoa taarifa, mnaambiwa ndege ya kunyunyizia dawa iko njiani. Inafika masuke yamebaki makapi.

Tupeni trekta la kukata matuta ya kukinga maji kwa bei ya ruzuku. Tuchimbieni malambo. Lipieni sehemu ya bima ya ukame. Ulaya tangu 1975 mkulima wa milimani analipwa fidia kwa sababu tu ardhi yake ni ngumu, hawamwambii kanunue mbolea kwanza.

Bajeti ya kilimo inasomwa hapahapa Dodoma, na wabunge wa kanda ya kati wanagonga meza. Nataka mmoja asimame aulize: katika pesa yote ya ruzuku, ni shilingi ngapi imefika kwenye shamba la mtama?

Wa Manyoni, Kondoa, Kishapu, semeni na nyie kwenu wameleta nini.