Naomba ushauri: kanda za rili za bendi ya soul ya miaka ya sitini

Ndugu zangu habari za leo, wakubwa shikamooni.

Baba yangu mdogo alipofariki tulikuta kwenye sanduku lake la bati kanda za rili za bendi waliyoianzisha Dar es Salaam wakiwa bado sekondari. Alipiga gitaa la besi. Walipiga soul na fanki, hadi soul ilipopigwa marufuku jijini mwishoni mwa 1969. Nyumbani hakuna aliyejua kwamba waliwahi kurekodi! Rekodi za Sunburst, bendi ya Dar ya miaka ya sabini, zilitolewa upya mwaka 2016, kwa hiyo naamini hata hizi zina thamani.

Moja inanuka siki kali na utepe umeanza kujikunja kingo. Nyingine zina vumbi jeupe kama ukungu. Fundi mmoja Kariakoo ana mashine ya rili, ila vichwa vya mashine vinavyosoma utepe vina kutu, sikumruhusu azipige. Mwingine akasema tuzipashe moto kwenye oveni. Nijuavyo, hiyo ni tiba ya utepe wa poliesta unaonata. Harufu ya siki ni dalili ya asetati (plastiki ya tepe za zamani) inayooza, na joto huimaliza kabisa. Kwa sasa nimeitenga hiyo peke yake, mahali pakavu.

Naombeni mnisaidie:

Nani Dar au Nairobi ana mashine inayotunzwa vizuri na amewahi kuhamisha kanda za asetati kwenda kompyuta?

Pili, baadhi ya wanabendi wapo hai, wengine wameshatangulia. Kabla redio haijapewa nyimbo hizi, ridhaa ya mdomo inatosha, au warithi wote lazima wasaini?