Mjadala: Idara ya polisi Marekani, uichague kwa mshahara wa kuanzia?

Mleta mada, Texas

Wakuu, habari za wikiendi. Kundi letu la WhatsApp huku Texas halilali. Kuna mdogo wetu kapata uraia, kachoka kubeba boksi kwenye maghala, sasa anataka kuingia upolisi. Kaorodhesha idara kwa mshahara wa kuanzia, yenye hela ndefu juu, yenye hela fupi chini, na yuko tayari kuhamia jimbo lolote. Wazee wamemshukia: upolisi ni wito, ukitanguliza hela utaishia kuwa askari wa hovyo. Mimi nabishana na pande zote mbili.

Wazee wangu, shikamooni. Hoja yenu ni ya nyumbani, ambako jeshi la polisi ni moja na konstebo wa Mtwara na wa Mwanza wanapangwa kwa ngazi ileile ya mshahara. Huku kuna vyombo vya polisi vipatavyo 18,000: vya miji, kaunti, majimbo, vyuo vikuu, hadi mamlaka za reli na bandari. Kila kimoja kina bajeti yake na masharti yake. Kijana mwenye wito bado inabidi achague, na sioni ubaya akianza kwa kuuliza atalipwa nini.

Tatizo la dogo ni kwamba kasoma mstari mmoja wa jedwali. Mshahara wa kuanzia ndio unaobandikwa kwenye tangazo kwa sababu ndio unaovuta watu. New York wanaanza na kama dola 60,000, hela ambayo ukishalipia chumba Bronx unabaki unahesabu nauli. Lakini baada ya miaka mitano na nusu, mshahara pamoja na posho unavuka 120,000. Seattle nao, mkataba wa 2024 kati ya jiji na chama cha askari ulimpandisha anayeanza hadi kama 103,000. Kwenye orodha ya dogo Seattle inaongoza kwa mbali, ila ukitazama mwaka wa sita pengo lile limeshapungua sana. Halafu uweke makato: jimbo la Washington halina kodi ya mapato, New York unakatwa ya jimbo na ya jiji juu yake. Ndiyo maana nasema umwombe ofisa ajira jedwali zima, ngazi ya kwanza hadi ya mwisho, na umuulize mkataba uliopo unakwisha lini.

Kuna na ovataimu, ambayo wengi wanaipigia hesabu vibaya. Sheria ya shirikisho inairuhusu idara kuhesabu kwa kipindi cha siku 28, na ovataimu ianze baada ya saa 171. Aliyezoea saa 40 kwa wiki anategemea ianze kwenye 160. Zile saa 11 za katikati zinaweza kulipwa kama saa za kawaida. Sehemu zenye chama chenye nguvu, mkataba huwa mzuri kuliko hapo, lakini hilo tangazo halikwambii.

Na pensheni. Dallas, hapa jirani, mwaka 2016 mfuko wa polisi na zimamoto uliyumba hadi watu wakachota zaidi ya dola milioni 500 wakihofia utafilisika. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likaingilia, na makato ya waliobaki yakapanda hadi asilimia 13.5 ya mshahara. Detroit ilipofilisika mwaka 2013, polisi wastaafu hawakuguswa pensheni yenyewe, ila nyongeza yao ya kila mwaka ikapunguzwa. Yote hayo huyaoni kwenye mshahara wa kuanzia.

Naomba kuwasilisha. Nipingeni kwa hoja.

Mchangiaji, Bronx

Mkuu umechambua vizuri, lakini umri umeusahau. Waswahili wengi uraia unatukuta tuna miaka 36, 38. New York kwa miaka mingi ilikuwa lazima uwe umejiandikisha kwa mtihani kabla hujatimiza 35, kwa hiyo wengi wetu mlango ule tuliukuta umefungwa. Na hata ukiupita, walioingia miaka ya karibuni waliwekewa sharti la kutumikia miaka 22 ndipo waondoke na pensheni kamili.

Mtu wa miaka 38 mwenye watoto watatu hapa na mama Tanga, unamwambia avumilie dola kiduchu miaka mitano ili afaidi wa sita? Ada inaulizwa Januari, na mwenye nyumba anataka chake tarehe mosi. Ukianzia chini unakopa, ukikopa unakimbilia ovataimu, ukikimbilia ovataimu unalala kwenye gari. Mimi niko na dogo. Mshahara wa kuanzia ndio mshahara pekee ambao una uhakika utaupata, hizo ngazi za mbele ni ahadi.

Mchangiaji, Minneapolis

Kaka wa Bronx, nakuelewa, ila muulize anayekupa hela nyingi mwanzoni kwa nini anakupa. Hapa kwetu mkataba wa 2024 ulimpeleka anayeanza hadi kuvuka dola 90,000. Hawakuamka tu wakawa wakarimu. Tangu George Floyd auawe na polisi hapa mwaka 2020 askari wameondoka kwa mamia, hadi mwaka ule wa mkataba walibaki chini ya 600, wakati katiba ya jiji inataka wasiopungua 731. Kazi ya waliokwenda inafanywa na waliobaki.

Mume wangu ni askari wa kitongoji kimoja, sikitaji. Zamu wanazichagua kwa ukongwe. Mgeni anaokota kilichobaki: usiku, na mapumziko yake Jumanne na Jumatano. Simu inaita saa nane mchana, ndiyo kwanza amepata usingizi, anaambiwa aongeze saa nne mbele ya zamu yake. Hawaombi, wanaamrisha. Mimi nauguza kwenye nyumba ya wazee, nami nina zamu zangu, na sehemu ya kulelea watoto saa tano usiku haipo. Tunamlipa mama mmoja Mkongo, na hela yake mnajua inatoka wapi. Kwenye orodha ya dogo hakuna safu ya mlezi wa usiku. Aiweke, halafu ajumlishe upya.

Mchangiaji, Columbus

Nyongeza fupi kuhusu bonasi za kujiunga. Mji wa Alameda, California, ulitangaza dola 75,000 mwaka 2023, watu wakashika vichwa. Washington DC nao wakatoa 20,000. Kabla hujaanza kununua gari: bonasi inakatwa kodi, sehemu nyingi inatoka kwa awamu, na ukiondoka kabla ya muda unairudisha. Mafunzo nayo hivyohivyo. Mji mmoja mdogo ulinisomesha chuo cha polisi, nilipohama kwenda idara kubwa wakaniletea ankara ya masomo. Sare nilikuwa nimeshairudisha, tena nimeipiga pasi.

Mzee wa Memphis

Wanangu, mnahesabu senti, hakuna aliyeuliza atafundishwa na nani. Hapa Memphis tulitangaziwa bonasi ya dola 15,000 na vigezo vikalegezwa. Januari 2023 askari watano wakampiga Tyre Nichols, akafa. Katika wale watano hakuna aliyekuwa amefikisha miaka sita kazini. Kijana mgeni anapewa mwenzake mgeni, usiku, kwenye kikosi cha kukimbizana na watu, askari mzee wa kusema "acha, inatosha" hayupo. Uniambie ni mshahara gani unaofidia kesi ya jinai.

Mleta mada

Mzee, ahsante kwa kunishika sikio, lakini tusichanganye. Wale watano waliajiriwa kati ya 2017 na 2020, hivyo kuibebesha bonasi lawama ya msiba ule sikubali. Swali lako la nani atamlea mgeni nalichukua zima zima. Dogo ataomba kupanda gari la doria na askari kwa zamu moja kabla hajasaini. Idara nyingi zinaruhusu raia, na ukikaa kiti cha mbele kwa muda wa saa nane utajua kama kuna mtu mzima kazini.

Kaka wa Bronx, hoja ya umri ina mashiko na sina jibu lake zuri. Kwa mtu wa 38 ningekubali mshahara wa kuanzia uwe na uzito mkubwa. Ila dogo ana miaka 26, hana mtoto, ana mama mmoja Korogwe ambaye bado analima. Huyo ana miaka ya kusubiri ngazi, kwa nini aiuze kwa bonasi?

Mchangiaji, Chicago

Kwa wanaosoma kimyakimya bila uraia: California tangu 2023 na Illinois tangu 2024 sheria inaruhusu kuajiri polisi asiye raia ilimradi ana kibali halali cha kufanya kazi. Kwa hiyo orodha yenu inaanzia kwingine kabisa. Ukija jiji la Chicago ujue lazima uishi ndani ya mipaka ya jiji, na kodi ya nyumba iingie kwenye hesabu zako. New York wao wanaruhusu kuishi kaunti kadhaa za jirani.

Mleta mada

Ahsante. Dogo amebakiza mbili, moja hapahapa Texas na nyingine North Carolina, ambayo inaanza juu kidogo. Sasa North Carolina sheria inazuia serikali kuingia mikataba ya pamoja na vyama vya watumishi wa umma. Jedwali walilompa lina ngazi nzuri hadi mwaka wa kumi, ila halina mkataba wa kulilinda. Mliopo Greensboro na Raleigh, mwaka ambao baraza la mji halikupata hela, ngazi zenu zilipanda au mliambiwa msubiri? Usaili wake ni mwezi ujao.