Naomba ushauri: naambiwa niandike saa pungufu kuliko nilizofanya kazi

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwandishi wa programu, mwaka wa tatu sasa, kwenye kampuni ya ushauri wa teknolojia. Mteja anatozwa kwa saa, kwa hiyo kila Ijumaa najaza jedwali la saa zangu.

Mradi niliopo ni mfumo wa malipo ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Java 8, toleo la mwaka 2014, na hauna majaribio ya kiotomatiki hata moja, yaani programu ndogo za kukagua kama msimbo bado unafanya kazi sawasawa. Ukigusa hesabu ya riba, risiti zinaharibika kwingine kabisa. Bei ilipangwa na watu wa mauzo kabla fundi yeyote hajaufungua msimbo. Basi kazi ya saa 40 inanichukua 60, na meneja ananiambia niandike 40 tu. Zile 20 nazifanya usiku, hazionekani popote. Hilo linaniuma kuliko uchovu wenyewe, maana mradi ujao nao utakadiriwa kwa namba hizo hizo za uongo.

Nimeongea naye mara mbili, jibu ni kwamba mteja atakimbia. Sasa naweka kumbukumbu yangu ya saa halisi, kazi kwa kazi. Pia niliandika majaribio machache sehemu ya riba, na makosa yamepungua kweli.

Je, nimwandikie meneja barua pepe kwanza ili yabaki maandishi, au niende moja kwa moja kwa bosi wake? Na mliopitia haya, mlimshawishije mteja alipie muda wa kuandika majaribio?

Natanguliza shukrani.