Kigimbi na kidole gumba vinacheza vyenyewe: kuna hatari?

Mchumaji, Wete
Assalaamu alaykum. Tangu msimu wa karafuu uanze, kila nikijilaza usiku nyama za kigimbi hucheza zenyewe, na kidole gumba hutikisika baada ya kuchambua. Sina maumivu, na asubuhi napanda mkarafuu kama kawaida. Mzee mmoja wa barazani kwetu ameniambia kuwa ni dalili ya kupooza, na tangu hapo usingizi umenipotea. Naomba mwenye elimu anifahamishe.

Muuguzi, Chake Chake
Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Kiharusi hakianzi hivyo. Huja ghafla kwa udhaifu wa upande mmoja, mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito. Unachokieleza hutokea pale neva inayoamrisha kifungu kidogo cha nyuzi za msuli inaposhtuka yenyewe bila ya amri ya ubongo, na ndiyo maana unaiona ngozi ikirukaruka ilhali mguu wenyewe hausogei. Watu wengi wenye afya njema hupatwa na hali hii, hasa kwenye kope, kigimbi na kidole gumba, na huidiriki zaidi mwili unapotulia. Huchochewa na uchovu wa misuli, kukosa usingizi, wasiwasi, sigara na kahawa nyingi. Mtu anayeshinda juu ya mikarafuu, kisha akakesha jamvini akinyofoa karafuu kwenye vikonyo huku birika la kahawa liko pembeni, amevikusanya karibu vyote, na hofu uliyotiwa imezidisha.

Kinachonishughulisha mimi ni nguvu. Je, unaweza kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo, na kufunga vifungo vya shati bila taabu? Ukiona udhaifu unaoongezeka, msuli unaosinyaa, ganzi, au shida ya kumeza na kusema, nenda hospitali bila kuchelewa.

Mama wa Unguja
Kuharisha sana na baadhi ya dawa za kuongeza mkojo pia hupunguza potasiamu na magnesiamu mwilini, na upungufu huo huweza kuleta hali hiyo. Hata hivyo, mwanangu, usikimbilie vidonge vya madini kabla ya kupimwa damu.

Mchumaji, Wete
Nashukuruni sana. Kusimama nasimama, na vifungo nafunga. Ila natumia pampu ya pumu, na msimu huu nimeitumia zaidi. Je, inahusika?

Muuguzi, Chake Chake
Ikiwa dawa iliyomo ni salbutamoli, ile ya kufungua njia za hewa, inawezekana, kwani huwatetemesha baadhi ya watu mikono na misuli. Usiiache. Lakini kuihitaji kuliko kawaida kunaonesha kwamba pumu haijadhibitiwa, na kwa maoni yangu hilo ndilo la kukupeleka kwa daktari wiki hii, kabla ya kigimbi.